Njiti wangu haongezeki uzito. Amebemendwa, au maziwa hayamtoshi?

“Daktari, shikamoo. Nilijifungua mtoto wa kike mimba ikiwa na wiki 31, akiwa na gramu 1,400. Siku ya nane alikuwa ameshuka hadi gramu 1,240, akarudi kwenye uzito wake siku ya 17. Tuliruhusiwa siku ya 33 akiwa na gramu 1,800. Wodini nilikuwa nakamua na kumpa mililita 40 kwa kikombe kila baada ya saa tatu, na nilimbeba kangaroo, kifuani ngozi kwa ngozi. Nyumbani namnyonyesha tu. Hanisumbui. Ananyonya dakika tano au kumi, analala, na usiku anapitisha hata saa tano bila kulia. Kangaroo niliacha maana wageni ni wengi, na huku kwetu Njombe sasa hivi ni baridi kali, naogopa kumvua nguo. Leo ametimiza wiki saba. Wiki iliyopita zahanati walisema ana kilo 2.1, leo asubuhi kituo cha afya wanasema gramu 1,960. Mama mkwe anasema tumembemenda, yaani tumekutana kimwili angali ananyonya na ndiyo maana hakui, na amemletea dawa ya mchango, kijiko asubuhi na kijiko jioni. Jirani ana mtoto wa wiki hizo hizo, ana kilo tano, ananishauri nianze maziwa ya ng'ombe kwa kuwa yangu ni mepesi kama maji. Nimemkosea nini mwanangu?”

Marahaba, mama. Naanza na swali lako la mwisho kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Hujamkosea. Umeniandikia uzito wa mwanao siku kwa siku tangu azaliwe, na hizo namba ndizo zitakazotuonyesha tatizo lilipoanzia. Mengi ya kurekebisha yako mikononi mwako, na machache yanahitaji daktari amshike mtoto. Nitakuambia yapi ni yapi.

Kwanza tuondoe hofu ya kwamba amepungua. Mizani ya kuning'iniza ya zahanati nyingi ina mistari ya gramu mia mia, na mara nyingi mtoto hupimwa akiwa na sweta na nepi. Mtoto anayetakiwa kuongeza gramu 30 kwa siku hawezi kufuatiliwa kwa mizani hiyo. Akijitingisha kidogo tu, mshale unaruka uzito wa siku tatu. Kwa hiyo ile kilo 2.1 iache kabisa, usiilinganishe na ya leo. Kuanzia sasa apimwe kwenye mizani ya kidijitali ya watoto wachanga, akiwa uchi, na ikiwezekana mizani ile ile kila mara.

Na mtoto wa jirani naye tumweke pembeni. Binti yako alizaliwa wiki tisa kabla ya wiki 40. Ana wiki saba tangu azaliwe, lakini ukihesabu tangu mimba ilipoanza yuko wiki ya 38. Wiki mbili hizi alipaswa bado kuwa tumboni! Hata mstari wa kwenye kadi ya kliniki haumfai bado, kwa sababu unaanzia kwa mtoto aliyezaliwa ametimia. Njiti wana chati zao. Mojawapo, ya Intergrowth-21st, ilitengenezwa kwa kufuatilia wajawazito na watoto katika miji minane, Nairobi na Muscat ikiwemo, na inamfuata njiti hadi wiki ya 64, yaani kama miezi sita baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Muulize daktari wako amchoree humo. Kuzipunguza zile wiki tisa tunaendelea nako hadi atimize miaka miwili, kwa uzito na hata kwa kukaa na kutembea. Chanjo peke yake hazisubiri, zinafuata tarehe halisi ya kuzaliwa.

Sasa namba zako. Kushuka kwa gramu 160 siku za mwanzo si ajabu kwa njiti. Maji ya ziada mwilini hutoka, na chakula bado ni cha matone. Kati ya siku ya 17 na ya 33 aliongeza gramu 400, sawa na gramu 25 kwa siku, na hapo alikuwa anakwenda vizuri. Kati ya siku ya 33 na leo, ambazo nazo ni siku 16, ameongeza gramu 160, yaani gramu kumi kwa siku. Tunachotarajia kwa mtoto wa uzito wake ni gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo yake, kila siku, ambazo kwake ni gramu 30 hivi au zaidi. Kwa hiyo wasiwasi wako una msingi, mtoto hakui inavyotakiwa. Na tunaijua siku mambo yalipobadilika. Ni siku mlipotoka wodini.

Nini kilibaki wodini? Mililita 40 mara nane ni mililita 320 kwa siku, na kangaroo juu yake. Nyumbani hakuna anayepima, na hakuna nesi anayekuja saa tisa usiku kukuambia “mama, amka, saa ya kukamua.” Nimeliona hili kwa familia nyingi sana na huwa nasikitika, kwa sababu mama huruhusiwa na karatasi ya dawa bila mtu kumkalisha na kumwambia kwamba ratiba ya wodini inatakiwa iende naye nyumbani.

Fikiria mtoto wa tumboni anavyoishi. Chakula kinamfikia kwa kitovu usiku na mchana bila yeye kunyonya. Hahitaji kupumua, hahitaji kujipasha joto. Miezi mitatu ya mwisho ndiyo anapojaza ghala lake: mafuta chini ya ngozi, madini chuma, na sehemu kubwa ya kalisiamu ya mifupa. Njiti anatolewa ghala likiwa karibu tupu, halafu kwa siku moja anakabidhiwa kazi zote, kupumua, kusaga chakula, kujipasha joto, kunyonya. Kazi zote hizo zinalipiwa na maziwa. Kinachobaki baada ya malipo ndicho kinachojenga mwili. Kwa hesabu anahitaji kilokalori 110 hadi 135 kwa kila kilo kwa siku, na maziwa ya mama yana kama 65 hadi 70 katika mililita 100. Ndiyo maana tunampa mililita 150 hadi 180 kwa kila kilo yake. Kwa binti yako leo hiyo ni kati ya mililita 290 na 350. Anaponyonya dakika tano, akalala, akapitisha saa tano za usiku, hafiki huko.

Hapa ndipo neno “hanisumbui” linaponitisha kidogo. Mtoto aliyetimia akiwa na njaa hupiga kelele nyumba nzima isikie. Njiti mwenye njaa hulala, maana kulala ndiyo njia yake ya kubana matumizi. Uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio huanza kukaa sawa karibu na wiki ya 34, lakini nguvu ya kuendelea dakika ishirini huchelewa kuja. Kwa hiyo anaanza vizuri, anachoka, anaachia titi, nawe unadhani ameshiba. Usimsubiri alie. Mwamshe kila baada ya saa mbili au mbili na nusu mchana, na usiku zisizidi saa tatu, zifike mara nane hadi kumi na mbili kwa siku. Mfungue nguo za miguuni, msugue nyayo, badilisha nepi, mwekee tone la maziwa mdomoni.

Mpe titi moja hadi liwe laini kabla ya kumhamishia jingine. Maziwa yanayotoka mwanzo yana rangi ya kibuluu na ni mepesi kweli, na ndiyo unayoyaona ukijikamua matone mawili kuangalia. Yanayofuata yana mafuta mengi zaidi. Ukitaka kuona kwa macho, kamua ya mwanzo kwenye glasi moja na ya mwisho kwenye nyingine, uziache zitulie kwa muda. Utando wa mafuta juu ya glasi ya pili utakuwa mnene kuliko wa kwanza. Tena mama aliyejifungua kabla ya wakati, majuma ya kwanza maziwa yake huwa na protini nyingi kuliko ya mama aliyejifungua mtoto aliyetimia. Maziwa yako si mabovu. Shida ni kwamba hayafiki tumboni kwa kiasi kinachotosha.

Kwa hiyo rudisha kikombe. Akishanyonya, na usimkazanie zaidi ya nusu saa maana kunyonya nako kunamla nguvu, kamua hapo hapo na umpe mililita 20 hadi 30 ulizokamua. Kama hakunyonya kabisa, mpe 40 hadi 45. Mkalishe karibu wima mapajani, kikombe kidogo kiguse mdomo wa chini, maziwa yafike ukingoni, kisha subiri. Atatoa ulimi na kulamba kidogo kidogo kama paka. Usimmiminie. Akipumzika, nawe pumzika. Chupa iache, kikombe kinaoshwa kwa urahisi na hakimchanganyi na chuchu. Maziwa yakibaki, yafunike kwenye chombo safi, yatumike ndani ya saa nne.

Nikuambie ukweli wa siku za kwanza, usije ukakata tamaa. Kwa kuwa ananyonya kidogo kwa zaidi ya wiki mbili, inawezekana maziwa yenyewe yamepungua. Siku ya kwanza unaweza kukamua ukapata mililita 15 kwa kujikaza. Titi hutengeneza kulingana na linavyotolewa. Ukikamua mara nane kwa siku, mojawapo usiku wa manane, kwa kawaida utaona mabadiliko baada ya siku tatu hadi tano. Katika siku hizo kula, kunywa maji, na mtu mwingine apike na kuwapokea wageni. Hilo mwambie mumeo alisimamie.

Kuhusu baridi, umefanya kile ambacho mama yeyote angefanya, kumfunika zaidi. Lakini nguo zinahifadhi joto tu, hazilitengenezi, na njiti joto la kuhifadhi hana. Ngozi yake ni nyembamba, mafuta chini yake ni machache, na hawezi kutetemeka kama sisi. Akipoa, anachoma maziwa yale yale tunayoyahesabu. Joto lake liko kifuani kwako. Nepi, kofia na soksi tu, alale wima ngozi kwa ngozi katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeukia pembeni ili apumue vizuri. Mfunge kitenge kwa nguvu kisha vaa sweta na khanga juu yenu wote wawili. Humo ndani hata Njombe ya mwezi wa saba haimfikii. Usiku lala umeinuka kwa mito, usilale chali kabisa. Baba anaweza kumbeba, bibi anaweza pia, kifua chochote chenye afya kinafaa. Na jiko la mkaa lisiingie chumba anacholala, tafadhali. Moshi wake usioonekana umeua watu wazima usingizini, sembuse mtoto wa kilo mbili.

Wageni wakiuliza, waambie hii ni tiba. Ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978 kwa sababu mashine za kutunzia njiti hazikutosha, na wengi wakaidharau kuwa njia ya maskini. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India kwa watoto wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya 1.8. Waliowekwa kifuani mapema, bila kusubiri watulie kwanza, walikufa wachache kwa robo kuliko waliosubirishwa. Sasa Shirika la Afya Duniani linashauri kangaroo saa 8 hadi 24 kwa siku. Endelea hadi afike kama kilo 2.5, au mpaka mwenyewe aanze kujinyonganyonga kutaka kutoka.

Dawa ya mchango isimame leo. Sitamsema vibaya mama mkwe, amemletea mjukuu kile anachokiamini. Lakini piga hesabu. Vijiko viwili vya maji ya mizizi vinachukua nafasi ya mililita kumi za maziwa katika tumbo dogo, havina nguvu yoyote, na hatujui kilichomo wala maji yake yalichemshwa vipi. Utumbo wa njiti ni mwepesi kushambuliwa. Kuna ugonjwa ambao ukuta wa utumbo unavimba na kuanza kufa, na maziwa ya mama pekee ni mojawapo ya kinga bora tuliyonayo. Kwa sababu hiyo hiyo maziwa ya ng'ombe hapana, hata yakichemshwa na kuongezwa maji. Protini na chumvi zake zinailemea figo changa, madini chuma yake ni haba, na yanaweza kufanya utumbo uvuje damu kidogo kidogo. Uji nao usubiri, tutauzungumza miezi kadhaa ijayo.

Na kubemenda. Najua neno hilo linavyouma, maana ni shutuma inayoingia hadi chumbani kwenu. Tendo la ndoa halichafui maziwa wala halimdumazi mtoto. Hakuna njia ya mwilini inayolifikisha tendo hilo kwenye titi. Mtoto wenu alizaliwa kabla ya ghala kujaa, akakosa maziwa ya kutosha na joto. Wazee walichokuwa wanakilinda, naamini, ni nafasi kati ya mimba na mimba, na hapo walikuwa na hoja. Tunashauri miezi 24 angalau kabla ya kushika mimba nyingine, na mimba ya haraka huongeza uwezekano wa kujifungua tena kabla ya wakati. Ukienda hospitali, uliza pia habari ya uzazi wa mpango. Mkwe wako mchukue mwende pamoja. Akisikia kwa daktari na akapewa kazi ya kumbeba mjukuu kifuani, huenda akawa msaidizi wako mkubwa.

Yote haya usiyafanye ukiwa unasubiri nyumbani tu. Gramu kumi kwa siku ni sababu ya kwenda hospitali kesho au keshokutwa, hospitali ya wilaya au ya mkoa yenye wodi ya watoto wachanga. Nimeeleza jinsi maziwa machache yanavyomlaza mtoto, lakini upungufu wa damu nao humlaza vivyo hivyo, na wiki hizi za nne hadi nane ndipo damu ya njiti hushuka zaidi. Kwa barua siwezi kutofautisha, kipimo cha damu kinaweza. Wamsikilize moyo, maana kuna mshipa unaotakiwa kujifunga baada ya kuzaliwa ambao kwa njiti huchelewa. Wapime mkojo kama kuna maambukizi, wamwangalie mdomoni kama ana fangasi, na wapime urefu na mzunguko wa kichwa. Kichwa kikiwa kinakua vizuri nitapumua, kwa sababu ubongo nao unalishwa na maziwa haya haya. Halafu uliza jambo moja ambalo husahaulika, kama macho yake yamepimwa. Mtoto wa wiki 31 anatakiwa aangaliwe mishipa ya nyuma ya jicho karibu na wiki ya nne, na wako ana saba.

Uliza pia kuhusu matone ya madini chuma na vitamini D. Mtoto aliyezaliwa na uzito kama wake anayenyonya maziwa ya mama peke yake anahitaji madini chuma kuanzia wiki ya pili, miligramu 2 hadi 4 kwa kila kilo kwa siku, hadi miezi sita. Usijinunulie dukani, maana nguvu ya matone inatofautiana chupa kwa chupa. Akupimie daktari.

Iko pia unga maalumu wa kuongezwa kwenye maziwa ya mama uliyokamua, kuyaongezea protini, kalisiamu na nguvu. Unafaa hasa waliozaliwa chini ya kilo 1.5 au kabla ya wiki 32, kama binti yako. Shida yake ni upatikanaji na bei, na unatakiwa kuchanganywa kwa vipimo makini. Maziwa ya kopo ya njiti nayo yapo, na kama baada ya kujitahidi maziwa yako hayatoshi, kuyatumia kwa maelekezo si aibu wala kushindwa. Ninachokiogopa ni kopo kuanza siku ya kwanza, titi likaachwa likauke, kisha fedha zikapungua katikati ya mwezi na maziwa yakaanza kuongezwa maji. Ningekuwa mimi, ningempima uzito hospitali, nikafanya kikombe na kangaroo kwa bidii siku tano, nikampima tena. Akifika gramu 25 au 30 kwa siku, tunaendelea hivyo. Akibaki chini ya 20, ndipo tuongeze unga au maziwa ya njiti. Kama daktari atakayemwona atataka kumlaza siku hizo tano ili wakusaidie kupima na kukamua, kubali.

Kuna hali ambazo hazisubiri kesho. Akikataa kula mara mbili mfululizo, akilegea asiamshike, akiacha kupumua kwa muda au akawa wa bluu mdomoni, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikabonyea, tumbo likivimba, akitapika kijani, kinyesi kikiwa na damu, akishtuka kwa degedege, akiwa na joto la 37.5 au zaidi, au akabaki chini ya 36.5 baada ya saa nzima ya kangaroo, ondoka saa hiyo hiyo hata kama ni usiku.

Kesho chukua kadi ya kliniki, karatasi ya kuruhusiwa, hiyo dawa ya mchango uwaonyeshe, na daftari lenye saa za kunyonya, mililita za kikombe na nepi zilizolowa kuanzia usiku wa leo. Kamua kabla ya kutoka, ubebe na kikombe chake, maana foleni inaweza kupita saa tatu. Njiani mbebe kifuani ndani ya kitenge, na kofia asivuliwe hata ndani ya gari.